Refleksi za Uti wa Mgongo au Ubongo: Kipi Kinakuzuia Usianguke, na Uchague Mazoezi Gani

Mtu anayetafuta mazoezi ya kumsaidia kusimama imara, awe mzee aliyeanza kuzihofia ngazi, mwanamichezo aliyeteguka kifundo cha mguu, au mkufunzi anayewapangia wengine ratiba, hachelewi kukutana na ahadi kwamba zoezi fulani au kifaa fulani kinaharakisha refleksi, yaani majibu ya mwili yanayotokea yenyewe bila mtu kuyaamua. Ahadi hiyo inasikika vizuri, kwa kuwa kila mmoja wetu anajua kwamba anayeteleza hana muda wa kufikiri. Hata hivyo, imejengwa juu ya dhana isiyo sahihi kuhusu kazi ya uti wa mgongo katika kumshikilia binadamu wima. Makala haya yanaziweka bega kwa bega njia ambazo mwili huzitumia kujizuia usianguke, kisha yanalinganisha mazoezi yanayogusa kila njia, ili mwenye kuchagua ajue jasho lake linakwenda wapi. Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo: bila refleksi za uti wa mgongo msingi wote wa kusimama hutikisika, ila si hizo zinazopaswa kulengwa na mazoezi ya mizani ya mwili.

Kusimama wima ni kazi isiyokoma

Kitovu cha uzito wa mtu mzima aliyesimama kipo usawa wa nyonga, na mstari unaoshuka kutoka hapo hupita sentimita chache mbele ya vifundo vya miguu. Kwa hiyo mwili muda wote unaelekea kuangukia mbele, na misuli ya mashavu ya miguu, hasa ule wa ndani uitwao soleasi, haina budi kuvuta kisigino bila kupumzika ili kuuzuia. Wataalamu huifananisha hali hiyo na fimbo iliyosimamishwa juu ya kiganja: haitulii hata kidogo, bali husahihishwa kila mara. Asiyeamini na avue viatu, asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kisha autazame mguu uliobeba uzito. Ataona kano zilizo juu ya mguu zikichomoza na kuzama, vidole vikibana sakafu na kuachia, na kifundo kikitikisika kushoto na kulia, ilhali yeye mwenyewe hajaamuru lolote kati ya hayo. Akifumba macho, mtikisiko huongezeka papo hapo, jambo linaloonyesha kwamba taarifa zinazoongoza marekebisho hayo hazitoki miguuni peke yake.

Njia tatu zenye kasi tofauti

Njia ya kwanza, iliyo ya haraka kuliko zote, huishia katika uti wa mgongo. Ndani ya msuli mna vihisi vidogo vilivyolala sambamba na nyuzi zake, ambavyo hupima urefu wa msuli na kasi ya kunyooka kwake. Msuli unapovutwa ghafla, vihisi hivyo hutuma ishara kupitia neva nene, ambazo kwa binadamu huisafirisha kwa kasi ya takriban mita 60 kwa sekunde, hadi kwenye ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo. Hapo ishara hukabidhiwa moja kwa moja kwa neva inayorudi kwenye msuli uleule, bila mpatanishi, na wakati huohuo msuli wa upande wa pili hulegezwa ili usipingane nao. Hicho ndicho daktari anachokipima anapogonga kwa nyundo ndogo chini ya pia ya goti. Wanasayansi Liddell na Sherrington waliieleza refleksi hii ya mnyooko mwaka 1924, na mwaka 1932 Sherrington akapata Tuzo ya Nobel, pamoja na Edgar Adrian, kwa uvumbuzi wao kuhusu kazi za seli za neva. Katika msuli wa soleasi, ambao uko mbali na uti wa mgongo, mwitikio wa umeme huonekana takriban milisekunde 40 baada ya msuli kuvutwa, na nguvu yenyewe huchelewa zaidi ya hapo, kwa sababu msuli na kano huhitaji muda wa kukaza.

Njia ya pili nayo haingojei hiari ya mtu, lakini hujitokeza takriban milisekunde 100 baada ya mwili kusukumwa. Katika muda huo wa ziada, ishara imepata nafasi ya kupanda hadi kwenye shina la ubongo, na kwa sehemu hadi kwenye gamba la ubongo, na jibu limekwisha kuandaliwa kwa kuzingatia macho, sikio la ndani na yaliyompata mtu huyo muda mfupi uliopita. Amri inayorudi haigusi msuli mmoja tu, bali huamsha kundi zima kwa mpangilio, kwa kawaida kuanzia kifundo, kupitia paja, hadi kiunoni.

Njia ya tatu ni ya hiari. Mara chache hutangulia milisekunde 150, na mara nyingi huvuka 200. Anayeteleza kwenye sakafu yenye maji hugundua kwamba anateleza wakati miguu yake imekwisha kujibu.

Pembeni ya hizo tatu ipo kazi nyingine ambayo husahaulika katika mijadala ya refleksi, nayo ni maandalizi. Mtu aliyesimama anapojiandaa kuvuta mpini wa mlango mzito, misuli ya shavu la mguu hukaza kabla ya misuli ya mkono kuanza kuvuta, kwa kuwa ubongo umekwisha kukadiria kwamba mvuto huo utautupa mwili mbele. Hapo hakuna refleksi kabisa, maana hakuna kilichotokea bado cha kujibiwa.

Aliye haraka na anayejua hali ilivyo

Jaribio ambalo kwa maoni yangu linaamua ulinganisho huu ni lile lililochapishwa na mtafiti Lewis Nashner mwaka 1976. Watu walisimama juu ya jukwaa linaloweza kusogezwa kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, jukwaa lilisogea nyuma ghafla, mwili ukaelemea mbele, na msuli wa shavu la mguu ukanyooshwa. Kukaza msuli huo kunasaidia, kwa sababu kunaurudisha mwili nyuma. Katika namna ya pili, jukwaa liliinamishwa ili vidole vya miguu vipande juu. Msuli uleule ulinyooshwa vilevile, lakini safari hii kuukaza kunadhuru, kwa kuwa kunamsukuma mtu aangukie nyuma. Kwa kihisi kilichomo ndani ya msuli, matukio haya mawili ni tukio moja. Refleksi ya uti wa mgongo ikiachwa peke yake ingetoa jibu lilelile katika hali zote mbili, na nusu ya majibu yake yangekuwa ya kuangusha.

Kilichotokea ni kwamba, baada ya majaribio matatu hadi matano tu, washiriki walianza kulipunguza jibu lao la njia ya pili pale lilipokuwa na madhara, na kuliongeza pale lilipokuwa na faida. Ubongo ulikuwa umesoma hali na kurekebisha kipimo cha majibu yajayo. Kwa hiyo zile milisekunde 60 ambazo njia ya pili hupitwa na refleksi si hasara tupu, kwa kuwa ndizo zinazoleta jibu linalolingana na ardhi uliyosimama juu yake.

Zipo pia dalili kwamba hata mtu anaposimama kimya, bila kusukumwa na yeyote, refleksi ya mnyooko haiwezi kuwa ndiyo mshika usukani. Ian Loram na Martin Lakie, wakifanya utafiti wao nchini Uingereza, waliitazama misuli ya shavu la mguu kwa mashine ya mawimbi ya sauti wakati watu wakiwa wamesimama. Dhana ya kawaida ilikuwa kwamba mwili unapoyumba mbele, msuli hurefuka, vihisi vinapiga kelele, na uti wa mgongo unajibu. Waliona kinyume chake: mara nyingi mwili unapoyumba mbele, nyuzi za msuli hufupika. Sababu ni kwamba kano ya kisigino inanyumbulika kiasi cha kuruhusu msuli ufupike huku kano ikirefuka. Msuli unaofupika hauwezi kuamshwa na refleksi inayosubiri msuli urefuke. Inabaki maelezo kwamba amri ya kukaza hutoka juu, ikikadiria mwelekeo wa mwili na kuvuta kidogo kidogo, mara kadhaa kwa sekunde.

Mahali uti wa mgongo unapotegemewa

Haya yasieleweke kwamba uti wa mgongo ni wa kupuuzwa. Anayekanyaga kitu chenye ncha kali huinua mguu kabla ya kuhisi maumivu, na katika mwendo huohuo mguu wa pili hunyooka na kukaza ili kuubeba mwili wote. Refleksi hiyo ya kujiondoa, pamoja na mwenzake ya kunyoosha mguu wa upande wa pili, hupangwa ndani ya uti wa mgongo, na bila sehemu ya pili sehemu ya kwanza ingekuwa ni njia ya kujiangusha. Wakati wa kukimbia na kurukaruka pia, refleksi ya mnyooko huongeza ugumu wa msuli mguu unapogusa ardhi, na hapo kasi yake ina thamani kubwa. Vilevile, uti wa mgongo ndiyo njia ya mwisho ambayo kila amri hupitia. Kila kinachotoka ubongoni kwenda mguuni hukutana humo na taarifa zinazotoka mguuni.

Kikomo chake kinaonekana vizuri kwa wanyama. Paka ambaye ugwe wake umekatwa kwenye uti wa mgongo anaweza kufundishwa kubeba uzito wake kwa miguu ya nyuma, lakini hushindwa kujirudisha sawa anaposukumwa upande. Anao uwezo wa kukaza, hana uwezo wa kusahihisha. Kwa mwanamichezo mwenye kifundo dhaifu, kikomo kiko kwenye saa: kifundo kinapopinduka kwa kasi, kano za pembeni zinaweza kujeruhiwa kabla nguvu iliyoamshwa na refleksi haijafika, hivyo kinachomlinda ni msuli uliokwisha kukazwa kabla ya mguu kutua, yaani ile kazi ya maandalizi.

Ukubwa wa refleksi wenyewe si wa kudumu, na jambo hili kila mtu anaweza kulishuhudia akiwa na mwenzake. Anayepimwa aketi juu ya kiti kirefu miguu ikining'inia, agongwe chini ya pia ya goti, kisha agongwe tena huku amefumbata vidole vya mikono yote miwili na kuvivuta kwa nguvu kuelekea pande mbili. Mara nyingi teke la pili huwa kubwa kuliko la kwanza, ijapokuwa mikono haina uhusiano wowote na goti. Kiwango cha refleksi huwekwa kutoka kwingine, na katika shughuli za kila siku ubongo hukishusha pale usahihi unapohitajika: refleksi ya soleasi ikipimwa kwa mshtuko mdogo wa umeme huwa ndogo mtu anapotembea kuliko anaposimama.

Mazoezi hubadilisha nini

Kama ahadi ya kukuza refleksi ingekuwa sahihi, watu wenye mizani bora kuliko wote wangekuwa na refleksi kubwa kuliko wote. Mwaka 1993 watafiti wa Denmark waliwapima wacheza ngoma wa kundi la kifalme la baleti la nchi hiyo na kuwalinganisha na wanamichezo waliofanya mazoezi makali. Wacheza ngoma, ambao kazi yao ni kusimama kwa ncha za vidole, walikuwa na refleksi ndogo zaidi. Tafiti za baadaye kwa watu wa kawaida zimeelekea upande huohuo: baada ya wiki kadhaa za mazoezi ya mizani, refleksi ya soleasi wakati wa kusimama mara nyingi hupungua. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mfumo wa neva hujifunza kuizima kwa kiasi njia ya mkato, ambayo ikiwa na nguvu mno huleta mtikisiko, ili amri za juu zitawale.

Ukishalijua hilo, kulinganisha mazoezi kunakuwa rahisi zaidi, maana swali halibaki kuwa zoezi gani linagusa refleksi, bali zoezi gani linaulazimisha mfumo wa juu usome hali na kujirekebisha.

Mazoezi ya nguvu peke yake, kama vile kunyanyua vyuma ukiwa umeketi, hujenga msuli unaotekeleza amri, lakini hayafundishi amri yenyewe. Mtu dhaifu sana anayahitaji, kwa sababu hata amri sahihi haina maana kwa mguu usioweza kuitekeleza. Yakifanywa peke yake, ushahidi wa kwamba yanapunguza kuanguka haujatosha.

Ubao unaoyumba na mito laini ni vifaa vinavyopendwa, na ni kweli vinaifanya njia ya pili ifanye kazi. Kasoro yake ni kwamba ujuzi unaopatikana huwa wa mahali pamoja mno. Anayejizoeza juu ya ubao huwa hodari zaidi juu ya ubao huo kuliko kwenye kazi nyingine za mizani. Ningevitumia kama kitoweo, nisingevifanya chakula chote.

Mazoezi ya mizani yaliyofungamanishwa na kazi za kila siku, yaani kuinuka kitini bila mikono, kupiga hatua pande zote, kugeuka, kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kufikia kitu kilicho mbali, ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi kwa wazee. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wanaoishi majumbani, yalikuta kwamba mazoezi ya aina hii hupunguza kiwango cha kuanguka kwa takriban asilimia 24. Yalipochanganywa na mazoezi ya nguvu, punguzo lilifika takriban asilimia 34. Tai chi, ambayo ni kuhamisha uzito polepole kutoka mguu hadi mguu, ilikuwa na punguzo la takriban asilimia 19. Kutembea peke yake hakukuonyesha faida ya uhakika katika kuzuia kuanguka, ingawa kuna manufaa mengine mengi.

Mazoezi ya kusukumwa au kuteleza kwa makusudi, kwa kutumia sakafu au mkanda wa kutembelea unaosogea ghafla huku mtu amefungwa mikanda ya usalama, ndiyo yanayofanana zaidi na jaribio la Nashner. Hufundisha kitu ambacho mazoezi mengine hukigusa kwa mbali, nacho ni hatua ya kujiokoa: kupeleka mguu mahali sahihi kwa wakati ufaao, pale kitovu cha uzito kimekwisha kutoka juu ya nyayo. Faida yake hupatikana kwa marudio machache, kwa sababu ubongo hurekebisha upesi. Ugumu ni vifaa na msimamizi. Jambo hili si la kujaribiwa nyumbani kwa kumwomba jamaa akusukume.

Majukwaa ya mtetemo ndiyo yanayouzwa zaidi kwa jina la refleksi. Mtetemo wa kano kweli huamsha vihisi vya msuli, na unaweza kumfanya mtu aliyefumba macho ahisi kwamba anaanguka mbele na hivyo aelemee nyuma. Lakini kuamsha kihisi si kukifundisha, na jukwaa haliulizi swali lolote ambalo ubongo unapaswa kulijibu. Kwa mwenye fedha za kifaa kimoja tu, mimi ningemshauri azitumie kumlipa mtaalamu wa tiba ya viungo.

Kuchagua kulingana na hali

Mzee ambaye hana ugonjwa wa neva achague mchanganyiko wa mazoezi ya mizani ya kila siku na ya nguvu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya mizani na nguvu kwa mchanganyiko angalau siku tatu kwa wiki. Mwanamichezo atafaidika zaidi kwa kujifunza kutua na kubadili mwelekeo katika mazingira yanayobadilika, ili misuli ikazwe kabla ya mguu kugusa ardhi, kuliko kusimama kimya juu ya ubao.

Mwenye kisukari kilichoharibu neva za miguu yuko katika hali tofauti. Neva zile nene zinazobeba taarifa za vihisi na za ngozi ya nyayo zimedhoofika, hivyo taarifa zinaufikia ubongo zikiwa pungufu au zimechelewa, na mtu hutegemea macho kupita kiasi. Kwake taa za usiku, kitu imara cha kugusa kwa kidole, na viatu visivyo na soli nene laini vina uzito sawa na zoezi lenyewe, na mazoezi ya kufumba macho yasifanywe bila mtu wa kumshika. Aliyepata kiharusi naye huweza kuwa na tatizo la upande wa pili: refleksi ya mnyooko imekuwa kali kwa sababu udhibiti wa kutoka juu umepungua, na mguu hukakamaa au kuruka unapogusa ardhi. Mtu huyo akiambiwa afanye zoezi la kukuza refleksi, anaongezewa kile kinachomsumbua.

Yeyote mwenye kizunguzungu kisichoelezeka, aliyeanguka hivi karibuni bila sababu, au anayetumia dawa zinazoleta usingizi au kushusha shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kuanza. Zoezi lolote la nyumbani lifanyike pembeni ya meza nzito au kaunta isiyosogea, mikono ikiwa juu yake bila kuiegemea, na liongezwe ugumu pale tu mwili unapoacha kuyumba katika kiwango kilichopo. Zoezi ambalo halimfanyi mtu ayumbe hata kidogo halina cha kumfundisha, na linalomlazimu akamate meza kila mara limemzidi kimo.